Kisa cha Mafeje: radhi ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kazi ambayo haikutolewa

Mwaka 1968 Baraza la Chuo Kikuu cha Cape Town lilimteua Mwafrika kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia, kisha likafuta uteuzi huo kabla hajaanza kazi. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo alikuwa mkuu wa Idara ya Sosholojia pale Mlimani, Dar es Salaam. Jina lake Archie Mafeje. Waliosoma sayansi ya jamii katika vyuo vyetu wengi wamekutana naye kwenye orodha za kusoma, lakini kisa cha ajira yake husimuliwa kwa mkato: serikali ya Makaburu ilimzuia, chuo kikasikitika, wanafunzi wakagoma, na baadaye chuo kikaomba radhi.

Hakuna uongo katika masimulizi hayo, ila yanaruka sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Miaka ya 1990, utawala wa kibaguzi ukiwa unafungasha virago, chuo kilipata nafasi ya kumrudisha Mafeje na hakikumrudisha. Safari hiyo hapakuwa na waziri aliyetuma vitisho. Palikuwa na taratibu za kawaida tu za kuajiri, zile tunazozijua sote: tangazo la kazi, kamati, wasifu, barua ya majibu. Ndiyo maana nakichambua kisa hiki nikiwafikiria zaidi watu wanaokaa kwenye kamati za ajira na za mitaala. Ubaguzi wa 1968 kila mtu anautambua akiuona. Ule wa miaka ya 1990 ulipita mezani ukiwa umevaa lugha ya sifa na viwango.

Mtu aliyekuwa akiomba kazi

Archibald Monwabisi Mafeje alizaliwa 1936 wilaya ya Ngcobo, katika eneo lililoitwa Transkei. Alifika Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1950, akaanza na zuolojia na botania, ndipo akageukia anthropolojia ya jamii. Chuo hicho kilijivunia kuitwa chuo huria, na kwa Afrika Kusini ya wakati ule sifa hiyo haikuwa bure. Mwanafunzi Mwafrika aliweza kukaa darasa moja na Mzungu na kusahihishiwa mtihani uleule. Jioni ikifika, mambo yalibadilika. Mabweni hayakumhusu, dansi za chuo hazikumhusu, wala timu za michezo. Ilikuwa sera inayojulikana: kuchangamana darasani, kutengana nje ya darasa, na sehemu kubwa ya utengano huo chuo kilijipangia chenyewe. Hili la kujipangia wenyewe tulikumbuke, maana ndilo linaloeleza mengi ya baadaye. Mwaka 1959 ikaja sheria iliyomtaka mwanafunzi asiye Mzungu apate kibali cha waziri ndipo asome kwenye vyuo hivyo, huku serikali ikianzisha vyuo vya kikabila kama Turfloop na Zululand.

Mkuu wa idara ya anthropolojia alikuwa Monica Wilson. Watu wa Rungwe watamjua kwa njia nyingine: miaka ya 1930 yeye na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakifanya utafiti, na vitabu vilivyotokana na kazi hiyo bado vinasomwa. Aliporudi Afrika Kusini alihitaji mtu wa kufanya utafiti Langa, kitongoji cha Waafrika nje kidogo ya Cape Town, akampata Mafeje.

Tusiipite haraka kazi ya Langa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uwezo uliokuwa mezani. Langa ilikuwa na wanaume wengi waliolazwa kwenye mabweni ya vibarua, sheria ikiwakataza kuja na wake zao. Mtu wa nje angewaona kundi moja la wafanyakazi weusi. Mafeje, aliyezungumza Kixhosa na aliyejua kukaa na watu, alionyesha kwamba ndani ya kitongoji kimoja kulikuwa na jamii kadhaa. Walikuwapo amagoduka, watu ambao roho zao ziko kijijini na mji kwao ni mahali pa kuchuma tu. Walikuwapo wazaliwa wa mjini waliowaona hao kama washamba. Katikati yao walikuwapo wale ambao hawako huku wala kule. Alifuatilia nani anakaa chumba kimoja na nani, nani anazikwa na nani, nani yumo kwenye klabu gani ya raga na kwa nini, vikundi vya muziki vinavunjikaje, makanisa yanagawanyikaje. Na hakufanya hayo katika utulivu. Machi 1960, siku ileile ya mauaji ya Sharpeville, polisi walifyatua risasi Langa pia. Siku chache baadaye Philip Kgosana, mwanafunzi wa chuo hichohicho, aliongoza maelfu ya watu kutoka kitongojini hadi katikati ya mji. Mafeje mwenyewe alikuwa mtu wa siasa za mrengo wa kushoto, na mwaka 1963 alikamatwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali.

Kitabu cha Langa kilitoka mwaka huohuo, majina ya Wilson na Mafeje yakiwa pamoja kwenye jalada. Mafeje akamaliza uzamili kwa kiwango cha juu, akaenda Cambridge kusomea uzamivu chini ya Audrey Richards, mwanamama aliyewahi kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Utafiti wake ukamleta upande wetu. Aliwachunguza wakulima wa biashara wa Buganda: nani anatajirika kwa kahawa na pamba, kwa ardhi ya nani, na kwa jasho la nani.

Huyo ndiye aliyeomba kazi Cape Town. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma wala wa kujaza nafasi ili chuo kionekane kizuri.

Uteuzi na kufutwa kwake

Baraza lilipitisha uteuzi wake. Muda si mrefu Waziri wa Elimu, Jan de Klerk, baba wa yule F. W. de Klerk aliyekuja kuwa rais, akakijulisha chuo kwamba serikali haitaki Mwafrika afundishe Wazungu, na kwamba chuo kikishikilia msimamo serikali itachukua hatua. Juni 1968 Baraza likafuta uteuzi, likisema linafanya hivyo shingo upande.

Sheria ya 1959 iliwahusu wanafunzi. Hapakuwa na sheria iliyokataza chuo kumwajiri mhadhiri Mwafrika, na chuo hiki kilikwisha kumwajiri mmoja: A. C. Jordan, mwandishi mkubwa wa riwaya ya Kixhosa na mtaalamu wa lugha, alifundisha hapo kuanzia 1946 mpaka alipolazimika kuihama nchi mwaka 1961. Kwa hiyo Baraza halikuvunja sheria lilipomteua Mafeje, na halikutii sheria lilipomwacha. Lilitii tishio la sheria ambayo ilikuwa bado haijatungwa.

Watetezi wa Baraza wana hoja, na nadhani inastahili kusikilizwa. Walisema: tukikataa, serikali itatunga sheria, na sheria ikishatungwa hakuna Mwafrika hata mmoja atakayeajiriwa tena, afadhali tumpoteze mtu mmoja tubaki na haki yetu ya kuteua. Ni hoja ya watu waliozoea kuishi na serikali katili na waliojua inaweza kufanya nini. Ugumu wake ni kwamba haki ya kuteua ambayo huwezi kuitumia siku inapohitajika haikusaidii kitu. Serikali ilipata ilichokitaka bila kulipa gharama yoyote: haikupeleka muswada bungeni, haikubishana na dunia nzima, haikuonekana ikivunja mlango wa chuo. Chuo kiliifanyia kazi hiyo chenyewe na kutia saini. Laiti Baraza lingekataa na sheria ikatungwa, leo tungekuwa na ushahidi wa wazi kuhusu nani alifanya nini. Badala yake tuna kumbukumbu za kikao zinazosema uamuzi ni wa chuo.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ile haikulipima, nalo ni gharama aliyobebeshwa Mafeje. Aliyeulizwa kama afadhali apotee mmoja hakuwa yeye.

Agosti 1968 wanafunzi wapatao 600 walitoka kwenye mkutano wa hadhara ukumbi wa Jameson wakaenda kulikalia jengo la Bremner, makao ya utawala, kwa muda wa siku tisa hivi. Walilala sakafuni, wakaendesha mihadhara yao wenyewe, na salamu za kuwaunga mkono zikawafikia kutoka ng'ambo. Rick Turner, mwanafalsafa kijana aliyekuwa ametoka masomoni Paris, na ambaye mwaka 1978 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, alikuwa miongoni mwa waliozungumza nao. Waziri Mkuu Vorster akatishia kuingilia kati. Vijana kutoka Stellenbosch wakaja kuwashambulia. Mgomo ukaisha bila Baraza kurudi nyuma.

Wagomaji karibu wote walikuwa Wazungu, na ujasiri wao siupunguzi hata chembe. Katika nchi ile, mwaka ule, kulala ndani ya jengo la utawala kwa ajili ya Mwafrika kulikuwa na bei yake. Lakini mwaka huohuo wanafunzi weusi wa Afrika Kusini, Steve Biko miongoni mwao, walikuwa wakijiandaa kuondoka katika umoja wa wanafunzi ulioongozwa na Wazungu huria. Walikuwa wamechoka kutetewa. Mwaka mmoja nyuma, kwenye mkutano wa umoja huo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, wajumbe weusi walitengewa malazi mbali na wenzao, na mkutano ukaendelea. Desemba 1968 wakaweka msingi wa SASO, chama chao wenyewe. Mambo hayo mawili yanatakiwa yasomwe kwa pamoja. Upande mmoja unasema: tunapigania haki ya chuo chetu kumwajiri huyu. Upande wa pili unauliza: chuo ni cha nani hata muwe nyinyi wa kutukaribisha?

Baraza, kwa upande wake, lilianzisha tuzo ya utafiti kuhusu uhuru wa taaluma kwa heshima ya Mafeje, likaamua pia kiwekwe kibao maktabani cha kueleza kwamba serikali imekinyang'anya chuo uhuru wa kuteua wahadhiri wake. Kibao kililalamika kana kwamba aliyeporwa ni chuo. Hapo ndipo naona mwanzo wa tabia iliyodumu miaka 40: chuo kikimfanyia Mafeje kosa, kinajiundia alama ya kumbukumbu.

Dar es Salaam

Mwaka 1969 Mafeje alifika Mlimani. Alikuwa na miaka 33, akapewa idara aiongoze. Hapakuwa na muujiza katika hilo. Chuo kilikuwa kichanga, mwaka 1970 ndipo kilipojitenga na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kilikuwa na njaa ya wasomi. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa na ofisi zao mjini. Sidai kwamba Mlimani ilikuwa pepo ya uhuru wa fikra, maana mwaka 1970 serikali iliifunga USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi iliyokuwa ikiongoza mijadala pale. Lakini katika suala la nani anaweza kufundisha nani, swali lililoisumbua Cape Town halikuulizwa kabisa.

Mwaka 1971 Mafeje alichapisha makala iliyompatia jina kuliko zote alizoandika, juu ya itikadi ya ukabila. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaanthropolojia waliwaangalia Waafrika kwa miwani ya kabila kiasi kwamba hata mfanyakazi wa mgodini au mwanasiasa wa mjini alielezwa kwa kabila lake, huku mambo ya ardhi, mishahara na madaraka yakifunikwa. Hapo ndipo utaona chuo cha Cape Town kilipoteza nini. Kilimpoteza mtu aliyekuwa akiuliza maswali juu ya msingi wa somo lenyewe, tena akiuliza kutoka ndani, akiwa amefanya kazi ya miguu Langa na Buganda.

Mwaka huo alipata ajali mbaya ya gari, akaenda Uholanzi kutibiwa. Baadaye alifundisha The Hague, akapewa huko uprofesa wa hadhi ya juu, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo alikokaa miaka mingi, na baadaye Namibia. Alikuwa miongoni mwa nguzo za CODESRIA, baraza la wasomi wa sayansi ya jamii lenye makao Dakar. Mpaka mwaka 1990, Mandela anapotoka gerezani, hapakuwa na idara ya anthropolojia barani ambayo haikumjua.

Mara ya pili

Wahamishwa walianza kurudi. Mafeje naye alitaka kurudi, na chuo alichokiulizia kilikuwa kilekile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jibu alilopata lilikuwa la mkataba wa muda mfupi, kwa hadhi aliyoiona kuwa ya kumdhalilisha. Fikiria: mtu aliyeteuliwa mhadhiri mwandamizi mwaka 1968, ambaye tangu hapo ameshika uprofesa Ulaya na Afrika, anarudi nyumbani anapimwa kana kwamba ile miaka yote katikati haikuwapo. Alikataa.

Kisha kikatangazwa kigoda cha A. C. Jordan cha Taaluma za Afrika, yaani kiti cha uprofesa kilichopewa jina la yule mhadhiri Mwafrika aliyefukuzwa na mazingira mwaka 1961. Mafeje akaomba. Hakupewa.

Nimeshasikia watu wakisema kamati ina haki ya kumkataa mtu yeyote, na kwamba jina kubwa si tiketi. Kweli. Pia inasemwa Mafeje alikuwa mkali wa ulimi, mtu wa kubishana, asiyembembeleza wala kumpamba mtu kwa adabu za uongo. Hilo nalo ni kweli, na yeyote aliyesoma majibizano yake na wasomi wenzake analiona. Lakini kamati yoyote ya ajira ina faili, na katika faili la Mafeje chuo hakikuwa mwamuzi wa kando. Kilikuwa mdaiwa. Kilikuwa kimemnyima mtu huyu kazi miaka 25 nyuma kwa rangi yake, kikasema wazi kwamba kilifanya hivyo kwa kulazimishwa, maana yake ni kwamba kama si kulazimishwa kingemwajiri. Kilipofika wakati wa kulithibitisha neno hilo, kikaendesha mchakato kana kwamba mwombaji ni mgeni aliyeona tangazo gazetini.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha kisa kizima. Mwaka 1968 chuo kiliweza kusema: serikali. Miaka ya 1990 kilisema: utaratibu. Maneno hayo mawili yana kazi moja, kuutoa uamuzi mikononi mwa waliouamua. Na neno utaratibu ni gumu zaidi kulipinga, kwa sababu hakuna wa kuandamana dhidi yake. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelala Bremner mara hii ya pili.

Kigoda hatimaye alikikalia Mahmood Mamdani, mwaka 1996. Mamdani ni mtu wa Kampala, naye alifundisha Dar es Salaam miaka ya 1970. Kwa wanaohesabu vichwa, chuo kilikuwa kimefanya vizuri: mkuu wa Taaluma za Afrika anatoka Afrika Mashariki, na mwaka huohuo makamu mkuu wa chuo akawa Mamphela Ramphele, mwanamke mweusi, daktari na mwanaanthropolojia, mwenzake Biko katika harakati. Mtu angesema kazi imekwisha.

Haikupita miaka miwili. Mamdani aliombwa aandae kozi ya msingi juu ya Afrika kwa wanafunzi wote wapya wa sayansi ya jamii. Akaandaa kozi iliyojengwa juu ya mijadala ya wasomi wa Kiafrika wenyewe, kuanzia suala la Misri ya kale na nafasi yake barani. Wenzake wa kitivo wakaiona haifai, akasimamishwa, ikaandaliwa nyingine. Alipoichambua hiyo nyingine hadharani mwaka 1998 alionyesha kwamba Afrika yake inaanzia chini ya Sahara na kuishia mto Limpopo, Afrika ya Waafrika weusi peke yao, huku Afrika Kusini ikiwekwa kando kama nchi ya namna nyingine. Vilevile wasomi walioishi na kufanya kazi barani hawakuwa na nafasi ya maana kwenye orodha ya vitabu. Akauliza kama Taaluma za Afrika chuoni hapo ziligeuka makazi mapya ya ile iliyoitwa elimu ya Kibantu, elimu duni ambayo utawala wa kibaguzi uliwatengea Waafrika. Lilikuwa swali kali, na liliwaudhi wengi. Mwaka 1999 akaondoka kwenda Columbia, New York.

Ramphele kuwa juu hakukuzuia hili. Simlaumu yeye binafsi. Nasema tu kwamba kiti cha juu na chumba cha kutunga mtaala ni sehemu mbili tofauti, na mara nyingi cha pili ndicho kinachoamua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataondoka na picha gani ya bara lake. Mafeje na Mamdani walikwama kwenye jiwe moja. Wote wawili walitaka kubadili kinachofundishwa, na chuo kilikuwa tayari kubadili sura za wanaofundisha kabla ya kubadili hicho.

Radhi

Mafeje alirudi Afrika Kusini mwaka 2000, akafanya kazi katika Taasisi ya Afrika, Pretoria. Chuo cha Cape Town, sasa chini ya mwandishi Njabulo Ndebele, kikamwomba radhi mwaka 2003 na kutaka kumtunuku shahada ya heshima. Hakujibu. Alifariki Machi 2007, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 71.

Agosti 2008, ilipotimia miaka 40 ya mgomo wa Bremner, chuo kiliomba radhi rasmi kwa familia yake, kwa makosa ya 1968 na ya miaka ya 1990, na familia ikapokea. Shahada ya heshima ikatolewa marehemu asiwepo. Chumba ndani ya Bremner, kinachotumika kwa vikao vikubwa vya chuo, kikapewa jina lake.

Namwelewa Mafeje kwa kutojibu. Shahada ya heshima hupewa mtu kwa kazi aliyoifanya, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya kazi yake. Alichonyimwa kilikuwa kitu kingine: mshahara, ofisi, wanafunzi wa kuwalea kuanzia mwaka wa kwanza hadi uzamivu, sauti kwenye Seneti, na pensheni. Hayo yana thamani inayohesabika, tena kwa miaka. Ukimwomba radhi mtu uliyemnyima ajira, ukampa joho la siku moja, bado hujagusa ulichomnyima. Hata hivyo siwezi kusema radhi ya 2008 haikuwa na maana. Kutaja makosa ya miaka ya 1990 kwa maandishi kulikuwa jambo kubwa, kwa sababu vyuo vingi huomba radhi kwa yale tu yanayoweza kusukumiwa serikali iliyopita.

Machi 2015 wanafunzi wakaingia Bremner tena. Harakati ilikuwa imeanza kwa kinyesi kumwagiwa sanamu ya Cecil Rhodes, iliyokuwa imekaa pale chuoni tangu 1934, na tarehe 9 Aprili sanamu iling'olewa. Safari hii waliolikalia jengo walikuwa zaidi wanafunzi weusi wenyewe, wakilibatiza Azania House. Dunia iliona sanamu. Madai yao mengine hayakupigwa picha sana: mtaala, wafanyakazi wa usafi na ulinzi waliokodishwa kupitia makampuni kwa mishahara ya chini, na uchache wa maprofesa. Miaka 21 baada ya uchaguzi wa kwanza huru, maprofesa kamili Waafrika, wazaliwa wa Afrika Kusini, walikuwa wa kuhesabu kwa vidole katika chuo chenye maprofesa zaidi ya 200. Jina la Mafeje lilikuwa limeandikwa mlangoni, na kamati za ajira zilikuwa zinakutana ndani.

Kamati ya ajira ingefanya nini

Kwa kesi kama hii mimi ningetaka kwanza chuo kilipe deni kwa mtu mwenyewe, akiwa hai, kwa kilekile alichonyimwa. Mwaka 1990 ilitosha Baraza kupitisha azimio moja: uteuzi wa 1968 ulifutwa isivyo halali, unarejeshwa, na hadhi yake ipandishwe kulingana na kazi alizofanya tangu hapo. Hakuna haja ya tangazo wala usaili, kwa sababu usaili ulishafanyika na alishafaulu. Watu wanaoogopa kwamba hilo lingekuwa upendeleo wanasahau kwamba ushindani ulikwisha mwaka 1968.

Pili, kamati inapoandika kwamba mwombaji hafai, iandike kwa nini, na anayeandika awe ameisoma kazi ya mwombaji. Katika taaluma kama anthropolojia, ambako mgogoro ulikuwa juu ya mbinu za somo lenyewe, haiwezekani hukumu itolewe na wale tu ambao mbinu zao zimekosolewa. Lazima wawepo wasomaji wa nje. Kwa Mafeje walikuwapo tele, Dakar, Cairo, Dar es Salaam, Harare, na walikuwa wakifikika kwa simu.

Kuhusu idadi, Kenya imejaribu njia ya sheria: tangu 2008 taasisi ya umma hairuhusiwi kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja, na vyuo vya umma vimekaguliwa kwa kipimo hicho. Naiunga mkono, kwa sababu bila kuhesabu hakuna anayeona haya. Lakini kisa cha Mamdani kinaonyesha mpaka wa hesabu hiyo. Kiti kinaweza kuwa na mtu, na mtu huyo akazuiwa kufundisha kile alichokuja kukifundisha. Kwa hiyo ripoti ya ujumuishi ya mwaka, mbali na kueleza walioajiriwa ni akina nani, ieleze kozi za lazima zilitungwa na nani, zinasomesha vitabu vya nani, na ni walimu wangapi walioletwa kwa shangwe wameondoka ndani ya miaka mitano na sababu walizotoa.

Mwaka 2012 kigoda cha A. C. Jordan kilikwenda kwa Lungisile Ntsebeza, msomi wa masuala ya ardhi anayetoka upande uleule wa Transkei, na mmoja wa watu waliochimba nyaraka za kisa hiki kwa undani kuliko chuo kilivyopenda. Mengi tunayoyajua leo kuhusu miaka ya 1990 yanajulikana kwa sababu kumbukumbu za vikao zilihifadhiwa na mtu akaruhusiwa kuzifungua. Vyuo vyetu vina mafaili ya namna hiyo: wahadhiri walioondolewa kwa amri ya simu kutoka juu, waombaji walioachwa kwa jina la ukoo au rangi ya ngozi, kozi zilizofutwa bila maelezo. Mjumbe yeyote wa Seneti ana haki ya kuomba moja lifunguliwe kwenye kikao kijacho, wakati mwenye faili angali anaweza kuitwa aje kazini.